WALIITWA WASOMAJI: Historia ya kitabu katika nchi za Maziwa Makuu, na maktaba ya shule ya mtoto wa Bukiriro

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Darsa la leo ni refu. Kaa kitako, usome mpaka mwisho, maana darsa lenyewe linahusu kusoma.

Katika karne ya 19, kule Buganda, mtu aliyeingia dini, awe Mwislamu au Mkristo, watu walimwita msomaji. Kwa Kiganda waliitwa abasomi. Hata leo neno la Kiganda la kusoma linabeba pia maana ya kwenda kuabudu. Majirani waliowatazama watu wale hawakujua mambo ya itikadi zao. Walichokiona kwa macho ni kwamba hawa wanashika kitabu, wanakaa duara, wanasoma. Basi wakawapa jina kwa kazi waliyowaona nayo.

Sasa jiulize, ndugu yangu. Jirani akiitazama nyumba yako leo, akawatazama watoto wako, atawapa jina hilo?

Shika swali hilo. Tutatembea nalo kutoka Bukiriro hadi Madina, turudi Karagwe, tushuke pwani, kisha tumalizie Bukiriro tena.

1. MTOTO WA BUKIRIRO ANAVUKA LUGHA TATU

Bukiriro ni kata katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, pembe ile ya magharibi ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Wenyeji wengi wa Ngara ni Wahangaza na Washubi.

Mtazame mtoto wa huko. Nyumbani anaongea lugha ya mama yake. Akiingia darasa la kwanza anafundishwa kwa Kiswahili. Akimaliza darasa la saba na kufaulu, anaingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, na huko anakuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Hajafika miaka 15, tayari amebadilishiwa lugha ya masomo mara mbili.

Mtoto wa Kariakoo au wa Mombasa anakiokota Kiswahili uwanjani, dukani, kwenye daladala. Mtoto wa kijijini Ngara sehemu kubwa ya maneno anayahitaji kutoka shuleni. Na mwalimu ana dakika 40 za kipindi na darasa lililojaa, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na watoto wengi zaidi kuandikishwa. Mwalimu hawezi kumpa kila mtoto maneno ya kumtosha. Anayeweza kukaa na mtoto mmoja mmoja, akamsemesha saa nzima bila kuchoka na bila kumkaripia, ni kitabu.

Hali ikoje? Mwaka 2011 utafiti wa Uwezo ulipima watoto Tanzania na kukuta kwamba katika kila wanafunzi 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Waliobaki 7 walikuwa shuleni kila siku, wamevaa sare, majina yao yako kwenye daftari la mahudhurio. Serikali iliona tatizo hilo, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukageuzwa uwekewe mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK.

Hatua hiyo ni njema. Lakini mtoto akishajua kuunganisha herufi, atasoma nini? Ukimfundisha mtu kuogelea kisha ukamnyima maji, ataisahau elimu yake. Maji ya msomaji ni vitabu vya kutosha vilivyo karibu naye, na kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja, mahali pa karibu ni maktaba ya shule.

2. MADINA: WALIMU WALIKUWA MATEKA

Sisi Waislamu hatuhitaji kuhubiriwa na mtu wa nje kuhusu jambo hili. Amri ya kwanza kushuka katika pango la Hira ilikuwa amri ya kusoma, na katika aya hizo hizo za mwanzo ikatajwa kalamu. Na aliyeshushiwa alikuwa Mtume asiyejua kusoma wala kuandika, katika mji ambao waliojua kuandika walikuwa wachache.

Mtume (s.a.w.) alilifanyia nini jambo hilo? Tazama mwaka wa 2 Hijria, baada ya vita vya Badr. Waislamu waliwateka watu wapatao 70. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Wengine hawakuwa na mali lakini walijua kuandika. Wanahistoria wanaeleza kwamba fidia ya hao ilikuwa kila mmoja afundishe watoto 10 wa Madina kuandika. Wakishajua, mateka yuko huru.

Tulitafakari hili. Madina ilikuwa maskini. Fedha za fidia zilihitajika kwa chakula na kwa silaha. Zikaachwa, ikachukuliwa elimu ya watoto. Pili, walimu wenyewe walikuwa washirikina, maadui wa jana. Haikusemwa kwamba herufi zao ni najisi. Herufi ni herufi. Imetajwa kwamba katika watoto waliojifunza kwa njia hiyo alikuwemo Zayd bin Thabit (r.a.). Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi wa wahyi, na katika zama za Abubakar (r.a.) akapewa kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Na kuna bibi mmoja ambaye hatumtaji vya kutosha: Shifa bint Abdullah (r.a.). Alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa Makka waliojua kuandika, naye akamfundisha Hafsa bint Umar (r.a.), mke wa Mtume. Miaka ikapita. Zile kurasa alizozikusanya Zayd zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa Hafsa. Khalifa Uthman (r.a.) alipotaka kunakili misahafu ya kupeleka mijini, alituma kwa Hafsa kuziazima. Akaazimwa. Zikanakiliwa. Zikarudishwa kwake.

Ndugu zangu, kilichofanyika hapo ndiyo kazi ya maktaba. Kuna mtunzaji anayejua thamani ya alichonacho. Kuna mwazimaji anayekuja na haja. Kitabu kinatoka, kinafanya kazi, kinarudi. Na mtunzaji huyo ni mwanamke aliyefundishwa kuandika na mwanamke mwenzake. Wewe unayesema binti akishajua kupika inatosha, kumbuka kurasa zile zilikuwa nyumbani kwa nani.

3. KITABU KILIPITA BIHARAMULO

Sasa turudi huku kwetu. Wengi wanadhani Uislamu na maandishi ya huku Kagera yalikuja na reli au na Wazungu. Sivyo.

Katikati ya karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani hadi Tabora, iliyoitwa Kazeh. Kutoka hapo njia moja ilipanda kaskazini, ikapita Usui, nchi iliyo katika eneo la Biharamulo ya leo, ikaingia Karagwe, na kuendelea hadi Buganda. Mzungu Speke alipopita Usui mwaka 1861 alimkuta mtawala Suwarora akitoza hongo misafara inayopita, maana yake njia ilikwisha kuwa njia. Karagwe kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waislamu mahali paitwapo Kafuro.

Mmoja wa waliopita njia hiyo ni Ahmed bin Ibrahim. Alifika Buganda katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suuna. Inasimuliwa kwamba alimwona Kabaka akiamuru watu wauawe, akasimama akamwambia kwamba watu hawa wana Muumba aliyewaumba, na huna haki ya kuwamwaga damu yao. Kabaka hakumdhuru. Alimuuliza huyo Muumba ni nani, na hapo mazungumzo ya Qur'ani yakaanza. Suuna alisomewa, akajifunza sehemu, na kurasa zikabaki katika nyumba ya ufalme.

Mwanawe, Mutesa, alikwenda mbali zaidi. Alijifunza kusoma hati ya Kiarabu, akajua Kiswahili, na tangu mwaka 1867 akawa anafunga Ramadhani kwa miaka ipatayo 10. Vijana wa kasri lake wakawa wanasoma. Kusoma kukawa heshima. Kijana alitaka kusoma kwa sababu mwenzake anasoma, na kwa sababu Kabaka mwenyewe anasoma. Wamisionari wa Kikristo walipofika mwishoni mwa miaka ya 1870 walikuta njaa hiyo ya kusoma ipo tayari, wakaijenga juu yake kwa kurasa za kuchapa.

Na hao vijana hawakusoma kwa mdomo tu. Mwaka 1876 makumi yao waliuawa kwa amri ya Mutesa huyo huyo. Sababu? Walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiyekuwa Mwislamu, tena katika kasri la mfalme. Mtoto aliyeshikishwa kitabu akakisoma vizuri, anaweza kusimama mbele ya mfalme. Mtoto aliyekaririshwa tu atafuata upepo.

Angalia pia kusoma kule kulivyoenea. Hakukuwa na jengo la maktaba. Vitabu vilikuwa vichache mno. Lakini vichache hivyo vilikuwa mikononi, vikisomwa kwa sauti mbele ya watu, kila mmoja akimfundisha mwenzake. Shule nyingi leo zina vitabu vingi kuliko kasri la Mutesa, na bado hazina wasomaji. Tofauti iko kwenye kabati lililofungwa.

4. PWANI WALIWEKA VITABU WAKFU

Kule pwani wazee wetu walikuwa na jawabu la tatizo la umaskini wa vitabu. Walikiita wakfu.

Nenda Lamu, Msikiti wa Riyadha, uliotokana na kazi ya Habib Swaleh. Pale pametunzwa hati za mkono za miaka mingi: fiqhi, nahau, tafsiri, mashairi ya kumsifu Mtume. Katika nyingi utakuta maandishi ya wakfu, kwamba kitabu hiki kimetolewa kwa ajili ya wanafunzi. Mwenye kitabu ameshatangulia mbele ya haki. Wanafunzi wakaendelea kukifungua.

Zanzibar, Sayyid Barghash alianzisha kiwanda cha kuchapa karibu na mwaka 1880, wakachapwa vitabu vikubwa vya dini. Kabla ya hapo kitabu kilinakiliwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

Kisha akaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Aliona kwamba elimu iliyofungwa katika Kiarabu haimfikii Mswahili wa kawaida. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiandika Kiswahili watu wakisome. Na mwanafunzi wa njia hiyo, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa ualimu wa shule, akatuachia tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyochapwa kamili mwaka 1969. Ni watu wangapi wamemjua Mola wao kupitia kitabu kile kimoja?

Tunachukua mafunzo mawili hapa. Kwanza, asiyeweza kununua kitabu awekewe, na kiwe chake kwa haki ya wakfu, asijihisi ombaomba. Pili, msomaji apewe kitabu kwa lugha anayoielewa. Mtoto wa darasa la nne Bukiriro ukimpa kitabu kinene cha Kiingereza kilichotolewa msaada kwa sababu huko kilikotoka hakitakiwi, hujampa kitu. Mpe hadithi fupi ya Kiswahili yenye picha, ataimaliza, na ataomba nyingine.

5. KANDA YA ZIWA ILIWAHI KUWAKA MOTO WA KUSOMA

Vijana hamkuyaona haya, waulizeni wazee wenu.

Mwaka 1968 ulianza mradi mkubwa wa elimu ya watu wazima chini ya UNESCO, makao yake Mwanza, ukihudumia mikoa ya ziwa, ikiwemo Ziwa Magharibi, ambayo ndiyo Kagera ya leo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baba na mama walikaa madarasani jioni, chini ya miti, majumbani. Vitabu vyao vilihusu mambo yao: pamba, migomba, ufugaji, afya, siasa. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliotoka kujifunza herufi, wasije wakazisahau. Zikafunguliwa maktaba za vijijini kwa maelfu. Nyingi zilikuwa chumba kimoja au kabati tu.

Matokeo yake? Mwaka 1967 karibu watu wazima 67 katika 100 hawakujua kusoma na kuandika. Upimaji wa mwaka 1975 ukakuta 39. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua wamebaki chini ya 10 katika 100. Dunia ilikuja kutushangaa.

Kisha ikawaje? Ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, ikaja hali ngumu ya uchumi, karatasi ikawa adimu, magari ya kupeleka vitabu hayakuwa na mafuta. Maktaba za vijijini zikabaki na vijitabu vile vile ambavyo kila mtu ameshavisoma. Hakuna kipya. Msimamizi hana posho wala anayemkagua. Kufuli likatiwa. Sensa ya mwaka 2002 ilipokuja, karibu watu 3 katika kila 10 walihesabiwa hawajui kusoma.

Ndugu zangu, zingatieni sana hapa. Watu hawakuwa wamechukia kusoma. Waliwekewa maktaba, lakini haikulishwa. Maktaba ni kama mfugo: ukimnunua ng'ombe kwa sherehe kisha usimpe majani, usilalamike kwamba hakamwi.

6. SANDUKU LA NGARA, 1994

Wapo watakaosema: sisi shule yetu haina chumba cha maktaba, tusubiri wafadhili. Kwa hao nitatoa ushahidi wa Ngara yenyewe.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa kama 24, watu wanaokadiriwa na UNHCR kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakaingia Ngara. Benaco ikageuka mji wa mahema. Katika watu hao, watoto walikuwa makumi ya maelfu. Wametembea, wameona yasiyosemeka, hawana shule.

Mashirika yakaleta kitu kilichoitwa shule ndani ya sanduku. UNESCO ilikuwa imekibuni Somalia mwaka uliotangulia. Ndani ya sanduku moja kulikuwa na chaki, vibao vya kuandikia, madaftari, kalamu, vitambaa vilivyochapwa herufi na tarakimu vya kutundika popote, na mwongozo wa mwalimu kwa Kinyarwanda. Sanduku moja, mwalimu mmoja, watoto wapatao 80 kwa zamu. Walimu walitafutwa humo humo miongoni mwa wakimbizi. Kitambaa kikitundikwa kwenye mti, darasa limeanza.

Kama watoto wale, katika dhiki ile, walianzishiwa kusoma kwa sanduku moja katika ardhi ya Ngara, basi shule yenye ukuta na bati katika wilaya hiyo hiyo haina udhuru wa kusubiri jengo.

Na si Ngara peke yake. Kaskazini mashariki ya Kenya, Garissa, kwa ndugu zetu Wasomali wafugaji, Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa la Kenya lilianzisha mwaka 1996 maktaba ya ngamia. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine anabeba hema. Msafara unafika kwenye shule jangwani, hema linasimamishwa, watoto wanakaa mkekani wanasoma na kuazima, na baada ya siku kadhaa ngamia wanarudi kuvibadilisha. Wao hawakungoja lami, na kitabu kikafika.

7. MAKTABA HAI NI IPI?

Sasa tufike kwenye kazi. Historia yote hii inatuonyesha mambo yaliyofanya kusoma kuishi. Nayaweka kwa ufupi, mwalimu au mjumbe wa kamati ya shule ayachukue.

KWANZA, mtunzaji. Kurasa zilikuwa na Hafsa. Maktaba ya shule iwe na mwalimu mmoja anayependa kusoma, asipewe kazi hiyo kama adhabu. Na chini yake wawe wanafunzi, wasichana na wavulana, wenye daftari la kuazima. Mtoto akikabidhiwa amana, anakua nayo.

PILI, wakati. Maktaba isiyo kwenye ratiba ni stoo. Kila darasa lipate angalau kipindi kimoja kwa wiki cha kwenda kusoma, na kisiliwe na kipindi cha hesabu wala cha kufyeka majani.

TATU, kusoma kwa sauti. Hivi ndivyo darsa linavyokwenda msikitini: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, wanauliza. Mwalimu awasomee watoto hadithi dakika 10, akate pale inaponoga, awaambie kitabu kiko rafu ya pili. Utaona watakavyokigombania.

NNE, kuazima kwenda nyumbani. Hapa ndipo shule nyingi zinapoogopa. Mwalimu anasema: kitabu kikipotea nitaulizwa mimi. Ni kweli anaulizwa, na sisi wazazi tumtoe katika hofu hiyo. Kamati ikubali kwa maandishi kwamba katika vitabu 100 vichache vitachanika na kupotea, na wazazi watachangia kufidia. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya miaka 10 kabatini ndicho kilichopotea.

TANO, vitabu vipya. Tumeona kilichoziua maktaba za miaka ya 1970. Shule mbili au tatu za jirani katika kata zibadilishane masanduku kila muhula. Gharama yake ni baiskeli moja na kijana wa kuiendesha.

SITA, watoto waandike. Bibi na babu wa Kihangaza wana hadithi ambazo hazijawahi kuandikwa. Mwanafunzi akamsikilize bibi yake jioni, aandike kwa Kiswahili, achore picha, kurasa zishonwe kwa uzi, kitabu kiwekwe maktaba na jina lake juu. Mtoto anayemwona mwenzake ni mwandishi, ataamini kwamba vitabu huandikwa na watu kama yeye.

8. MAJIBU KWA WANAOULIZA

Kuna anayesema: watoto wetu wanakwenda madrasa, inatosha. Alhamdulillah kwa madrasa. Lakini pima kwa uadilifu. Mtoto aliyehifadhi juzuu nzima na hawezi kusoma kitabu cha Kiswahili kinachomweleza alichohifadhi, amebeba hazina asiyoweza kuifungua. Kusoma shuleni na kusoma madrasa vinasaidiana. Na madrasa yenyewe inahitaji rafu yake.

Kuna anayesema: shule ile wanafunzi wengi si Waislamu, kwa nini nitoe kitabu changu? Ndugu yangu, rudi Badr. Mtume (s.a.w.) alikubali herufi zifundishwe na washirikina, wewe unaogopa kumpa herufi mtoto wa jirani yako, ambaye mnachota maji kisima kimoja? Wazee wetu wengi wakati wa ukoloni waliziogopa shule za misheni kwa kuilinda dini, na hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini bei yake tuliilipa vizazi kwa vizazi. Leo shule ni ya umma. Kukaa pembeni hakumlindi mtu.

Kuna anayesema: hadithi za kutunga ni upuuzi. Mwambie aangalie ni sehemu kubwa kiasi gani ya Qur'ani Allah ametufundisha kwa visa vya mitume na mataifa, mpaka ikawemo sura inayoitwa Al-Qasas, yaani visa. Moyo wa mwanadamu umeumbwa kufuata kisa. Chagueni vilivyo safi, na vipo vingi.

Na kuna anayesema: siku hizi ni simu. Simu ni neema ikitumiwa vizuri, na darsa hili unalisoma kwa simu. Lakini mtoto wa Bukiriro hana simu yake, na akiishika ya baba atasoma mistari miwili kisha video itamwita. Kitabu hakimwiti kwenda popote.

9. KILA MMOJA NA FUNGU LAKE

Baba na mama: wiki hii muulize mwanao amesoma kitabu gani. Hata kama wewe hujui kusoma, mwambie akusomee. Kuna wazazi waliojifunza herufi kwa kuwasikiliza watoto wao, na hakuna aibu ndani yake.

Imamu na kamati ya msikiti: ongeeni na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, muulize maktaba ina hali gani, funguo anazo nani, inafunguliwa lini. Kisha semeni kwenye khutba.

Ninyi mlio Dar, Muscat, London na kwingineko, ambao mlisomea Ngara, Biharamulo, Karagwe: mnatuma pesa za harusi na za msiba, Allah awalipe. Tumeni na sanduku la vitabu. Lakini ulizeni kwanza shule inahitaji nini, msimwage vilivyowachosha majumbani mwenu. Andikeni ndani ya jalada: wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Mnajua kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa zile chache zinazobaki zikimtiririkia, na elimu yenye manufaa imo ndani yake. Hebu fikiria uko kaburini, na kule Bukiriro, mvua inanyesha, mtoto usiyemjua amekaa chini ya bati anafungua ukurasa ulioutoa wewe.

Waliotutangulia katika nchi hizi waliitwa wasomaji. Jina hilo hawakupewa na serikali wala halikuandikwa kwenye cheti. Walipewa na majirani waliowaona. Tuwape watoto wetu kitabu, na tuwaache majirani waseme wenyewe.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utukinge na elimu isiyonufaisha. Wafungulie watoto wetu vifua vyao, wape walimu wetu subira na riziki, na uzifanye shule zetu za vijijini kuwa mahali pa nuru. Wasamehe wote waliotuachia vitabu na hatuwajui majina. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ukinufaika, mfikishie mwalimu mmoja na mzazi mmoja.